Panda anafanya vitu vya ajabu? Pitia dalili hizi kabla hujapaniki

Kila msimu maswali ni yale yale kwa sisi tunaofuatilia panda wakubwa, iwe kwenye kamera za laivu za Sichuan, jimbo la China lenye vituo vingi vya panda, au ukiwa umesimama mbele ya kioo Berlin au Washington: mbona hasogei, mbona hali, mbona kinyesi kina ute, mbona anazunguka njia moja tangu asubuhi. Hapa nimeyapanga kwa dalili, sababu inayotokea sana inatangulia na ya nadra inakuja mwisho, na nimesema pia wewe mtazamaji unaishia wapi na mtunzaji au veti (daktari wa wanyama) anaanzia wapi.

Kitu kimoja kishike kabla ya vyote. Panda unamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana na juzi, sio na panda wa banda la jirani wala na dubu wengine, manake huyu ni dubu anayeishi kwa mwanzi na huo mwanzi ndio unaamua karibu kila anachofanya. Kwa hiyo mjue kwanza wa kwako, huwa anaamka saa ngapi, anapenda kukaa wapi, akiletewa chakula anakimbilia au anakuja polepole. Bila hiyo picha kichwani kila kitu kitaonekana ugonjwa.

HASOGEI, AMELALA TU MASAA NA MASAA

Hii ndio inaongoza na mara nyingi sana jibu ni kwamba ameshiba. Utumbo wa panda umebaki kuwa wa mla nyama, mfupi, kwa hiyo mwanzi unapita haraka na anameng'enya kama 17% tu ya anachokula. Ndio maana anamaliza kilo 12 mpaka 38 za mwanzi kwa siku na anatumia masaa 10 mpaka 16 kutafuna, halafu muda uliobaki anautumia kulala ili kidogo alichopata kisipotee. Mwaka 2015 watafiti walipima nishati anayotumia wakakuta ni kama 38% tu ya ile inayotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake, na homoni zake za thairoidi ziko chini kweli kweli. Yaani kule kutulia ndio maisha yenyewe. Analala masaa mawili mpaka manne, anaamka anakula, analala tena.

Sababu ya pili ni saa unayoangalia. Panda wa porini kwenye hifadhi ya Wolong, Sichuan, waliovalishwa kola za GPS walionyesha vilele vitatu vya uchangamfu kwa siku, asubuhi, alasiri na usiku wa manane. Sasa kama wewe unafungua kamera mchana tu, tena bila kukumbuka kwamba Sichuan wanafuata saa za Beijing, utaona mtu kalala wiki nzima.

Ya tatu ni joto. Manyoya yale mazito yametengenezwa kwa milima yenye baridi na ukungu, na kituo cha panda cha Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, kinawaweka ndani kwenye AC nje ikipita nyuzi 26. Kiangazi ukiona kajilaza tumbo chini kwenye sakafu ya baridi au kakumbatia barafu, hapo anajipoza. Lakini kinyume chake hakipo: panda halali usingizi wa majira ya baridi kama dubu wengine, mwanzi haumpi mafuta ya kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo kipindi cha theluji ndio unategemea umwone anateleza na kugaragara, na kama wakati huo huo ndio kazubaa usikubali mtu akwambie "ni msimu wake wa kulala".

Ya nne ni kwa majike tu, mimba au mimba ya uongo. Kuanzia kiangazi mpaka mwanzo wa vuli jike anaweza kulala zaidi, kula kidogo na kubeba vitu kifuani kama mtoto, halafu asizae. Homoni zinafanana kabisa kiasi kwamba hata wataalamu wanashindwa kutofautisha mpaka siku za mwisho. Pale Chengdu mwaka 2014 jike Ai Hin alionyesha dalili zote, kuzaa kwake kukapangwa kurushwa laivu, na mwisho ikaonekana hakuna mimba.

Ugonjwa unakuja mwisho kwenye orodha. Cheki rahisi: angalia ubavu kama unapanda na kushuka taratibu, kisha subiri mlo unaofuata. Panda mzima akisikia mlango au akinusa tufaha, karoti au ule mkate wa nafaka wanaouita wowotou, atanyanyua kichwa hata kama ni mvivu. Akiwa kajikunja, kichwa kakiingiza tumboni, na chakula anachokipenda kimewekwa pembeni yake hajageuka, hapo acha kusubiri, taarifu wahusika wa bustani.

HALI, AU ANACHUKUA MWANZI ANAUTUPA

Anza na kuchagua. Panda anachagua chakula kwa pua, ananusa mwanzi mmoja anautupa, ananusa mwingine anautupa, wa tatu anakaa nao nusu saa. Tena ladha yake inageuka na msimu: machipukizi yakitoka masika anayaparamia hayo, kuna miezi anamenya na kula mashina, na miezi mingine anataka majani peke yake. Ndio maana bustani zinapeleka aina kadhaa za mwanzi kwa siku moja, aliyoipenda jana leo anaweza asiiguse. Ukiona sakafu imejaa mwanzi usiseme kagoma, mwangalie mdomo kwanza.

Inayofuata ni mapenzi. Kati ya Machi na Mei madume wengi hupunguza kula kwa sababu akili yote ipo kwenye harufu ya jike. Jike mwenyewe anapata joto, yaani hamu ya kupandwa, mara moja tu kwa mwaka na siku za kushika mimba ni moja mpaka tatu, kwa hiyo kipindi hicho ratiba ya chakula inavurugika kwa wote wawili na baadae inarudi yenyewe.

Halafu kuna meno, na hili linasahaulika sana. Panda anavunja mashina magumu maisha yake yote, akizeeka meno yanakuwa yamekwisha au yamepasuka. Dalili yake ni ya kipekee: ana hamu, anauchukua mwanzi, anaupeleka mdomoni, anautafuna upande mmoja, anaudondosha, anaishia kwenye majani laini. Kwa panda aliyepita miaka 20 mimi hili naliwaza mapema kabisa. Wakitunzwa vizuri wanafika mbali, Jia Jia wa Hong Kong alifika 38 kabla hajafa 2016, lakini huko mwishoni chakula lazima kilainishwe. Kupitia kamera huwezi kuthibitisha jino, hii ni kazi ya veti.

Kitu ambacho watunzaji wanacho na sisi hatuna ni mizani. Wanapima mwanzi unaoingia na unaobaki, wanampima na yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukiuliza, uliza uzito wake unaendaje, ndio swali lenye jibu.

KINYESI KINA UTE, AU KIMEBADILIKA RANGI

Kawaida ni hii: vipande virefu vyenye ncha, rangi ya kijani au njano, unaona vipisi vya mwanzi humo ndani, na vinaweza kutoka hata mara 40 kwa siku. Rangi inafuata chakula, akila majani inakuwa kijani kibichi, akila mashina inakuwa ya njano, akila machipukizi inapauka. Kwa hiyo ikibadilika rangi peke yake huku anakula na kutembea, achana nayo.

Sasa ute. Watu wanaogopa sana wakiona kitu kama kamasi nzito kimetoka badala ya kinyesi, na kweli sio kitu kizuri kukitazama, lakini kwa panda wa bustani hii inajulikana na inajirudia. Utumbo unatoa ule utando wake wa ndani, na hutokea zaidi pale anapobadilisha kutoka mashina kwenda majani, katikati ya mwaka. Mfuatano wake ukishauona mara moja hutausahau: anaanza kupoteza hamu, anajikunja kama tumbo linakata, analala pembeni hataki kuguswa na mtu, masaa yanapita, ute unatoka, halafu ghafla anainuka na kuanza kula kama hakuna kilichotokea. Panda anayerudi kwenye mwanzi ndani ya siku hiyo au kesho yake asubuhi, huyo ameshapita. Kama yapo mafungu mafungu ya ute mfululizo na hamu hairudi, hilo ni suala la daktari sasa.

Baada ya hapo ni minyoo. Panda ana mnyoo wake maalum, Baylisascaris schroederi, na huyu sio wa kuchezea, utafiti wa vifo vya panda wa porini kati ya 2001 na 2005 ulimweka juu kama sababu kubwa ya vifo. Kwenye vituo wanapewa dawa kwa ratiba, ila ukiona kitu cheupe kirefu kwenye kinyesi chukua picha uitume.

Simama hapa na usisubiri chochote: damu, kuhara maji matupu, au siku nzima bila kinyesi chochote huku tumbo limevimba na anajipinda. Utumbo ukiziba au kujisokota mnyama anakufa haraka.

Na tafadhali, ukiwa bustanini usimrushie kitu "kimsaidie tumbo". Hata tunda.

ANAZUNGUKA NJIA ILE ILE, ANARUSHA KICHWA, ANATEMBEA KINYUMENYUME

Cheki ya kwanza ni saa ya ukutani. Je, ni karibu na mlo au karibu na mlango kufunguliwa? Panda wengi wa bustani wanaanza kwenda na kurudi mbele ya mlango dakika chache kabla, wanajua ratiba kuliko wewe. Chakula kikiingia na kuzunguka kukaisha, umepata jibu.

Cheki ya pili ni mwezi. Masika dume anapiga doria, ananusa mlango wa jirani, anapaza sauti, anarudi. Ya tatu ni kelele, wapo panda ambao siku za ujenzi au umati mkubwa wanakwaruza milango na kuhangaika, na mjamzito au mwenye joto anaathirika zaidi.

Kama sio hivyo vyote, na kila siku ni mstari ule ule, hatua zile zile, kichwa kinarushwa kwenye kona ile ile, basi hayo ni mazoea ya kujirudia yanayotokana na mazingira yasiyomtosha. Porini angekuwa anatafuta mwanzi, anapanda mti, anasoma harufu za wenzake. Bandani chakula kinaletwa na dunia inaishia ukutani. Dawa yake inajulikana na inafanya kazi: chakula kifichwe ndani ya vitu vya kuchezea badala ya kuwekwa wazi, aletewe matawi mapya, barafu, vitambaa vyenye harufu ya panda mwingine, na mlango wa ndani uachwe wazi achague mwenyewe pa kukaa. Majaribio yaliyofanywa Wolong yalionyesha vitu hivi vinapunguza kweli hizo tabia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling nao waliwafuatilia panda wa bustani mbalimbali kwa kamera, wakachapisha 2023 kwamba mwanga na joto visipofanana na vya nyumbani kwao saa ya mwili inavurugika na tabia za ajabu zinaongezeka, na hiyo kazi yote ilifanyika kwa kutazama skrini kama unavyotazama wewe, kwa hiyo usidharau daftari lako.

Kuna kisa cha Meng Meng, panda jike wa bustani ya Berlin, 2017, alianza kutembea kinyumenyume mpaka dunia nzima ikamjua. Bustani ikaeleza kwamba ni utu uzima unaingia na ana hasira zake, na 2019 huyo huyo akazaa mapacha. Kwa hiyo kinyumenyume peke yake sio hukumu.

Ila kuna mistari miwili ya hatari. Akijing'ata mpaka manyoya yanatoka au kidonda kinaonekana, ripoti leo. Na kama anazunguka duara dogo upande mmoja tu, kichwa kimeinama pembeni, anayumba, hiyo haihusiani na kuboreka, ni neva au ubongo, veti aitwe mara moja.

ANASIMAMA KWA MIKONO, ANAJIPAKA UCHAFU, ANATOA SAUTI ZA AJABU

Hizi nazipitia haraka kwa sababu karibu zote ni salama. Kusimama kwa mikono huku anakojolea mti ni kuacha harufu juu kadiri anavyoweza, madume hasa. Kujisugua makalio ukutani ni tezi iliyo chini ya mkia inapaka ujumbe. Kugaragara kwenye kinyesi kibichi cha farasi, panda wa hifadhi ya Foping kwenye milima ya Qinling, China, wanafanya hivyo wakati wa baridi, na utafiti wa 2020 uliona kemikali za kwenye kinyesi hicho zinamsaidia asiisikie baridi sana.

Sauti ya mbuzi ni ya kirafiki, ni salamu hiyo. Mlio wa kukatakata unaofanana na wa ndege ni wa jike mwenye joto. Kugongesha meno, kupuliza pua na kubweka ni kwamba ana wasiwasi au anaonya. Kunguruma maana yake toka. Ukisikia honi ya huzuni inayojirudia bila mwenzie karibu, hapo changanya na dalili zingine, anakula? anasogea?

MAMA HALI, MAMA KAMWACHA MTOTO, AU PACHA MMOJA HAONEKANI

Mtoto anazaliwa na kama gramu 100, uchi, kipofu, wakati mama ana karibu kilo 100. Kwa siku kadhaa za mwanzo mama hatoki, hali, hata maji anaweza asiyafuate, kamshika tu kifuani. Inatisha kutazama lakini ndio kawaida, na watunzaji wakiweza wanampelekea maji pale pale.

Karibu nusu ya uzazi ni mapacha na porini mama kwa kawaida anamlea mmoja tu. Kwenye vituo, pacha asiyeonekana mara nyingi sana yupo kwenye inkubeta, wanabadilishana zamu ili kila mmoja anyonye na kushikwa na mama yake. Kwa hiyo usitangaze kifo kwa sababu kamera inaonyesha mmoja.

Mtoto akifikisha miezi michache mama anaanza kumwacha masaa mengi aende kula. Watafiti akina Pan Wenshi na Lü Zhi waliofuatilia panda kule Qinling miaka mingi walieleza hili wazi, kwamba watoto waliokuwa wanachukuliwa msituni kama "wametelekezwa" wengine walikuwa wanamsubiri mama yao. Ukiwa kwenye hifadhi na ukamwona mtoto peke yake mtini au pangoni, usimguse, usimsogelee kupiga picha, ondoka kimya na uwaambie askari wa hifadhi mahali ulipomwona. Mama anaweza kuwa mita chache kutoka hapo ulipo, na meno yale yanavunja mwanzi.

Hilo la meno lihesabu hata bustanini. Panda Gu Gu wa bustani ya Beijing aliwang'ata watu walioingia uwanjani kwake 2006, 2007 na 2009. Ikidondoka simu au hata mtoto wa mtu, mwite mtunzaji, wewe usishuke.

Kuanguka mtini: watoto wanaanguka sana, miili yao minene inawasaidia, wengi wananyanyuka na kupanda tena. Akichechemea, akibaki pale pale analia, au damu ikitoka puani, ripoti.

MANYOYA YAMEBADILIKA

Udongo ndio wa kwanza, nyeupe inageuka njano au kahawia kutokana na anapolala, ikinyesha mvua inarudi. Kuna panda wa kahawia kabisa tangu kuzaliwa, Qizai aliyepatikana Foping 2009 ndio anayejulikana zaidi, hiyo ni jeni na sio ugonjwa. Kunyonyoka kidogo kidogo kwa msimu nako ni kawaida.

Mabaka ya upara, ukurutu, vijimaduara vyeupe kuzunguka macho yaliyokuwa meusi, hapo wadudu wa ngozi au homoni vinahusika na inabidi ngozi ichukuliwe sampuli. Panda Ya Ya aliyekuwa bustani ya Memphis, Marekani, watu walimlilia sana, bustani ilisema shida yake ya ngozi ilikuwa ya muda mrefu, inatokana na kinga ya mwili na inapanda na kushuka na homoni. Alirudi China Aprili 2023. Ngozi peke yake basi haikuambii mnyama yuko na hali gani, ila ngozi pamoja na kukonda inakuambia.

DHARURA, HAPA HAKUNA KUCHEKI KWANZA

Kutetemeka au kukakamaa mwili, povu, makamasi mazito puani na machoni, kuhema kwa mdomo wazi kwenye hewa ya baridi, kushindwa kusimama. Kwenye kituo kimoja cha jimbo la Shaanxi, China, kati ya Disemba 2014 na mapema 2015, virusi vya distempa vya mbwa viliwashika panda sita na watano wakafa. Dalili zilikuwa hizo hizo za homa, makamasi na mitetemo. Ndio maana watunzaji ni wakali kuhusu mbwa na wageni kusogea karibu, wavumilie.

Fu Bao naye, panda aliyezaliwa Korea Kusini na kupelekwa China, Disemba 2024 alionekana anatetemeka, watazamaji wakapiga kelele, kituo kikamwondoa mbele ya umma akachunguzwa na akarudi kuonekana Machi 2025. Kwa dalili hii ni sawa kabisa kupiga kelele mapema.

Ukiripoti andika jina la panda, kamera au banda gani, tarehe na saa za mahali alipo yeye, alichofanya kwa mfuatano, kimechukua dakika ngapi, mara ya mwisho ulimwona anakula saa ngapi, na uambatanishe video isiyokatwa. Usiandike ugonjwa unaodhani anao, andika ulichokiona. Tuma kwenye mawasiliano rasmi ya bustani au mwambie mfanyakazi aliye karibu, halafu kama bado anaonekana endelea kurekodi na uandike saa atakayogusa mwanzi tena, hiyo ndio taarifa veti atakayokuuliza.